Ngozi za Idi ya Kuchinja: jinsi ya kuzitia chumvi zisiharibike kabla hazijauzwa

Kila Idi ya Kuchinja mji mzima unachinja kwa pamoja, na jioni yake ngozi utazikuta jalalani. Si kwamba hazina mnunuzi. Mnunuzi yupo, ila anakuja baada ya siku kadhaa, na kwa joto la pwani ngozi mbichi isiyotiwa kitu haifiki asubuhi ikiwa salama. Haya nimeyaandika baada ya kusaidiana na vijana wa madrasa moja hapa Tanga waliotaka kukusanya ngozi za mtaa wao. Yanahusu mbuzi na kondoo. Ya ng'ombe ni nzito, ina mambo yake.

La dini kwanza, maana mtaulizwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyechinja udhhiya, yaani mnyama wa ibada ya Idi hii, haiuzi ngozi yake, wala hamlipi mchinjaji kwa ngozi hiyo. Ujira unatoka mfukoni mwake. Ngozi ikitolewa sadaka, aliyepewa ndiye mwenye hiari nayo. Ndiyo maana kazi hii inaifaa madrasa kuliko mwenye mbuzi. Zaidi ya hapo muulizeni sheikh wenu, mimi ni mtu wa chumvi na visu.

Na kwa nini chumvi, si kuanika? Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2023 ilikuwa mwishoni mwa Juni. 2026 ni mwishoni mwa Mei, na baada ya hapo inazidi kuingia ndani ya masika. Kuwamba ngozi kwenye fremu za miti kivulini ni njia nzuri kwa watu wa Dodoma na Singida, wenye upepo mkavu. Pwani kwenye mvua, ngozi itaoza ikiwa bado iko kwenye fremu. Ama kuitandaza juani, juu ya bati au mchangani, sitaki hata kusikia. Juu inakauka upesi na kukakamaa, unyevu unabaki katikati, na katikati ndiko inakooza. Kwa macho utaiona nzuri kabisa. Ikilowekwa kiwandani ndipo inapofumuka matundu, na wanunuzi wanalijua hilo.

Hatua ya 1: Chumvi na mahali, kabla ya Idi

Ngozi mbichi ya mbuzi wa kawaida ina kama kilo 2. Wekeni hesabu ya kilo moja ya chumvi kwa ngozi moja, yaani magunia mawili ya kilo 50 kwa ngozi 100. Kondoo mwongezeeni, manyoya yake yanashika maji. Tafuteni banda lenye paa na sakafu yenye mteremko kidogo, na vichaga vya mbao. Nunueni chumvi mapema. Siku ya Idi maduka yamefungwa.

Hatua ya 2: Kuchuna

Kuchinja na kutundika sielezi, mnajua. Ninachotaka ni hiki: kisu kifanye kazi ya kufungua tu. Mkato mmoja ulionyooka kutoka kidari hadi kinena, na mingine ya ndani ya miguu kukutana nao. Baada ya hapo kisu kiwekwe chini, ngumi iingie kati ya ngozi na nyama. Mbuzi akiwa angali moto ngozi inaachia yenyewe, hasa ubavuni na mgongoni. Kisu kirudi kwenye shingo na mkia pekee, na kiwe cha ncha ya mviringo. Kile cha jikoni chenye ncha kali kinatoboa, na tundu moja katikati ya mgongo linashusha daraja la ngozi kuliko matundu matatu ya pembeni.

Msimburute mnyama kwenye zege. Mkwaruzo hauonekani siku hiyo kwa sababu ya manyoya, unaonekana manyoya yakishatolewa kiwandani.

Hatua ya 3: Kukusanya

Mtu mwenye toroli au bajaji apite mitaani tangu asubuhi, asingoje wenye nyumba walete. Ngozi iwe imefika kwenye chumvi ndani ya saa tatu au nne tangu kuchunwa. Msizitie kwenye mifuko ya nailoni, wala msizirundike zikiwa na joto. Zitandazwe kivulini zipoe.

Hatua ya 4: Kusafisha

Suuza damu na kinyesi kwa maji safi, ya bomba au kisima, si ya bahari. Kwangua minofu na mafuta kwa mgongo wa kisu. Kata masikio, midomo na kwato, toa mfupa wa mkia. Tundika ichuruzike maji.

Hatua ya 5: Kutia chumvi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanapoharakisha kwa sababu wamechoka na pilau inawangoja.

Tuanze na chumvi yenyewe. Msinunue ile laini ya mezani. Inayeyuka na kutiririka kabla haijapenya, au inagandamana vipande vipande na kuacha sehemu zikiwa wazi. Chumvi ya mawe makubwa nayo inaruka nafasi, na ikikandamizwa inaacha alama. Mnataka punje za milimita mbili hadi tatu. Ya kwenye mashamba yetu ya chumvi hapa pwani inafaa kabisa, mradi iwe kavu na haina mchanga. Mawe makubwa yapondwe.

Na iwe mpya. Hili nalirudia kwa sababu kila mara hutokea mjanja mwenye gunia la chumvi iliyobaki kwenye samaki wakavu, ng'onda au papa, au iliyokung'utwa kwenye ngozi za mwaka jana. Chumvi ya bahari ina vijidudu visivyoogopa chumvi, na iliyokwisha kutumika inavyo kwa wingi zaidi. Vikishamiri mtaona madoa ya waridi au mekundu upande wa nyama, kisha ngozi inaanza kulegea. Okoeni fedha kwingine.

Sasa mikono. Tandaza ngozi, upande wa nyama juu, manyoya chini. Nyoosha kila mkunjo. Chukua chumvi ya kujaa mkono uisugue kwanza pembeni: shingoni, kwapani, miguuni, na pale ulipotoa mfupa wa mkia. Sehemu hizo hujikunja zenyewe, na penye mkunjo chumvi haifiki. Ukiona ngozi imeoza, mara nyingi ilianzia hapo, si katikati. Ukishamaliza pembeni ndipo umwage chumvi iliyobaki juu ya ngozi nzima, mpaka rangi ya nyama isionekane. Kama bado unaiona nyekundu, haijatosha.

Kuzipanga: mwaga chumvi kidogo juu ya kichaga, weka ngozi ya kwanza, ya pili juu yake, zote nyama juu. Katikati ya lundo pawe juu kidogo kuliko pembeni ili maji yachuruzike nje. Maji yatatoka mengi, na ndiyo dalili kwamba chumvi inafanya kazi. Ngozi ikikaa ndani ya maji hayo inaharibika, kwa hiyo pipa na beseni havifai, hata kama vinaonekana nadhifu. Lundo lisipite kimo cha mita moja.

Bati, nondo, misumari iliyochomoza kwenye vichaga: ondoeni vyote. Kutu na chumvi vikikutana vinaacha doa, na ngozi ikitengenezwa kwa magome ya miti doa linageuka bluu nyeusi lisilotoka.

Siku inayofuata mtu aingize mkono katikati ya lundo. Pawe baridi. Pakiwa na joto, lifumueni lote saa hiyo hiyo, mjue ipi ina mkunjo au imepunjwa chumvi, na mlipange upya. Hata kama ni baridi, baada ya siku mbili tatu ligeuzeni, ya juu iende chini, na mnyunyizie chumvi kila palipobaki wazi. Vijana niliokuwa nao walinung'unika sana kwenye kugeuza. Lakini ngozi za chini hubanwa, na usipozigeuza hutajua hali yake mpaka mnunuzi azifunue mbele yako.

Maji yanayotoka yasiachwe yaingie kisimani au kwenye mizizi ya mwembe wa jirani. Na zibeni banda: mbwa wanafuata harufu, mbuzi hai wanakuja kulamba chumvi.

Hatua ya 6: Kungoja

Wiki mbili. Kuzijaribu, shika manyoya ya tumboni uvute. Yakigoma, ngozi nzima. Yakitoka kama yamebandikwa tu, imeoza, na iondolewe kwenye lundo.

Hatua ya 7: Kuuza

Kung'uteni chumvi iliyozidi, kisha pangeni ngozi kwa madaraja nyinyi wenyewe kabla mnunuzi hajafika: zisizo na dosari, zenye mikato ya pembeni, zenye matundu katikati. Mkimwonyesha lundo mchanganyiko atakadiria zote kwa bei ya ile mbovu. Ngozi za mbuzi kwa kawaida zinauzwa kwa kipande, kwa hiyo anayeng'ang'ania mizani mwulizeni sababu.

Biashara hii Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2008, na kusafirisha ngozi nje ya wilaya kunataka kibali cha ofisa mifugo. Mwoneni mapema, si siku gari limeshapakia. Malipo yafanyike wakati wa kuhesabu, ngozi zikiwa bado bandani, na risiti iandikwe kwa jina la madrasa, si la mtu.