Kabla hujasimama mbele ya bodi ya zoni: kwa wenye nyumba jimbo la Massachusetts, Marekani, na wengine pia

Shemeji yangu alisimama mbele ya bodi ya zoni akaongea karibu dakika kumi kuhusu mama yake. Magoti yanamsumbua, ngazi hawezi, anatoka Tabaka kule Kisii anakuja kukaa nao, kwa hivyo wanaomba kuongeza chumba na bafu pale chini upande wa kushoto wa nyumba. Aliongea vizuri jamani, mimi nimekaa nyuma kwa vile viti vya plastiki karibu nitoe chozi. Alipomaliza, mwenyekiti, mama mmoja mpole hivi, akamuuliza swali moja tu: ploti yako ina nini? Shemeji akadhani hajasikia. Yule mama akarudia, pole kwa mzazi wako, lakini mimi nauliza juu ya ardhi.

Hakuwa na jibu. Na angekuwa nalo, maana ploti yake ilikuwa na jibu zuri sana, ni vile hakuna mtu aliyemwambia kwamba hiyo bodi haipimi shida zako wewe, inapima shida za kipande chako cha ardhi. Ndiyo maana naandika hii, kwa sababu kila spring watu wakianza kuwaza kujenga, simu yangu inalia na ni swali lile lile.

Kwanza tuelewane tunaongea nini. Kila mji umegawanywa zoni, hapa ni nyumba za familia moja, pale ni maduka, kule viwanda, na kila zoni ina vipimo vyake: nyumba ikae futi ngapi kutoka mpaka wa jirani, urefu usizidi kiasi gani, paking ziwe ngapi. Ukitaka kujenga kitu kinachovunja kipimo, unaomba ruhusa ya pekee ya kukivuka, hiyo ndiyo veriansi, na wanaoamua ni bodi ya rufaa za zoni, hapa tunaiita ZBA. Wengi wao ni wakaazi wa kawaida wa huo mji, unaweza kukuta fundi mstaafu, wakili, mtu wa kuuza nyumba. Si mahakama lakini wanafuata sheria, na kwa Massachusetts sheria yenyewe ni Chapter 40A. Boston peke yake ina sheria yake tofauti, kwa hivyo wa Boston msinishike hapa kwa kila neno.

Sasa hiyo 40A, kwenye kifungu cha 10, inasema veriansi inatolewa kwa sababu ya udongo, umbo la ardhi, au mwinuko na mteremko wake, na hiyo hali iwe imekushika wewe si mtaa mzima, alafu kufuata sheria kama ilivyo kukuletee ugumu mkubwa, wa pesa au wa namna nyingine, na majirani pamoja na mji wasiumie ukipewa. Soma tena. Hakuna mahali wameandika mama mgonjwa, familia imeongezeka, wala tumenunua hii nyumba kwa shida. Hata "jirani yangu alijenga hivyo hivyo" haisaidii, kwanza inaweza kumletea jirani inspekta.

Lakini kabla hata ya kujaza fomu, uliza kama kweli unahitaji veriansi. Hapa ndipo watu wetu wanapoteza pesa. Nyumba nyingi za Lowell, Worcester, Lynn, zilijengwa kabla ya hizi sheria za zoni, yaani ziko karibu mno na mpaka tangu enzi hizo na zinaruhusiwa kukaa hivyo. Ukiwa na nyumba kama hiyo ya familia moja au mbili, kifungu cha 6 kina njia nyingine, bodi inaangalia kama unachoongeza kitafanya hali iwe mbaya zaidi kwa mtaa kuliko ilivyo sasa. Hiyo ni rahisi mara mia kuliko kuthibitisha mambo ya udongo na mteremko. Pia kuna kibali maalum, ambacho ni kitu sheria ya mji tayari inakubali kwa masharti. Nenda kwa ofisi ya majengo, uliza ana kwa ana: hii yangu ni veriansi, ni kibali maalum, ama ni kifungu cha 6? Na waambie wakuandikie.

Alafu kama unachotaka ni nyumba ndogo ya mzazi, yenye jiko lake na mlango wake, tangu tarehe 2 Februari 2025 sheria ya jimbo inakuruhusu kujenga moja kwenye zoni za nyumba za familia moja bila kuomba bodi ikupe ruhusa ya matumizi, mradi isizidi futi za mraba 900 au nusu ya ukubwa wa nyumba kubwa, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Boston haimo kwenye hii. Vipimo vya umbali kutoka mpaka bado mji unaweza kukuwekea, lakini kwa kiasi. Kesi ya shemeji ilikuwa kabla ya hapo, na yeye alitaka chumba tu, si jiko.

Wenye makanisa na misikiti, nyinyi mna kitu chenu. Massachusetts mji hauwezi kukataza nyumba ya ibada kwa sababu ya zoni, wanaweza kudhibiti paking, urefu, umbali, mambo kama hayo na yawe ya busara. Nimeona kikundi kimoja cha maombi kikihangaika miezi kutafuta veriansi ya matumizi, yaani ya kutumia mahali kwa kitu ambacho zoni haikubali, ambayo hata hawakuihitaji, mtu alikuwa amewaambia tu "hapa haikubaliki" nao wakakubali.

Haya, turudi kwa shemeji. Bodi haikumkataa usiku ule, walimsogezea kikao mwezi uliofuata akatafute savea. Savea alikuja na vifaa vyake, akapima, akachora, na ule mchoro ndio ulioongea kuliko sisi wote. Kumbe ploti imekaa kama robo ya chapati, mbele pana na nyuma inachongoka. Sheria ya pale ilitaka futi 15 kutoka mpaka wa pembeni, chumba kingebakisha 9. Kwa nini usijenge nyuma? Kwa sababu nyuma kuna mwamba, ule mwamba wa New England unaotokeza kwa nyasi kama mgongo wa kiboko, watoto walikuwa wanautumia kama slaidi miaka yote na hakuna mtu aliyefikiria kwamba huo ndio ushahidi. Savea akauzungushia kalamu nyekundu. Shemeji akapiga picha za mwamba na mtoto amesimama juu yake ili urefu uonekane, akapata karatasi ya bei kutoka kwa kontrakta wa kupasua mawe, na bei ilikuwa karibu sawa na kujenga chumba chenyewe. Hapo sasa una umbo, una udongo, una ugumu wa pesa, na nyumba nyingine za ule mtaa hazina huo mwamba. Mama hakutajwa hata mara moja kikao cha pili.

Majirani. Hii ni nusu ya kazi. Ukishapeleka ombi, mji unatuma barua kwa wanaopakana na wewe, walio ng'ambo ya barabara, na wanaopakana na hao mpaka futi 300 hivi, na tangazo linawekwa gazetini wiki mbili mfululizo, la kwanza si chini ya siku 14 kabla ya kikao. Waliowahi kubadilisha matumizi ya ploti Nairobi mnakumbuka yale matangazo ya gazeti na kile kibao kwa geti, ni mambo ya aina hiyo. Shida ni kwamba barua imeandikwa kwa lugha ya baridi sana, jirani akisoma "ombi la kupunguziwa masharti" anaona ghorofa. Kwa hivyo mtangulie. Chukua mchoro, chukua sahani ya mandazi ukipenda, gonga mlango, muonyeshe. Tulipofika kwa mzee wa ng'ambo ya barabara tukagundua hajali chumba hata kidogo, hasira yake ilikuwa magari ya Jumapili, yaani tukikutana kwa shemeji magari yanajaa mpaka kona na mmoja wetu (sitamtaja, anasoma hii) alishawahi kumzibia njia ya gereji. Tukaomba msamaha, tukakubaliana, na mzee akaandika barua ya mistari mitatu: jina, anapoishi, nimeona mchoro, sina pingamizi. Barua kama hizo nne zina uzito kuliko mashemeji ishirini waliojaza ukumbi.

Mandazi ni ya majirani lakini, si ya wajumbe wa bodi. Usimpigie mjumbe simu, usimvizie kwa duka, usimpelekee chochote. Hata kama kwenu ni heshima tu, hapa ni kesi. Maswali yote pitishia kwa karani au ofisi ya mipango.

Siku ya kikao fika mapema, angalia orodha, unaweza kuwa wa saba. Miji mingi inakuruhusu pia kuingia kwa Zoom. Kama Kiingereza cha mambo ya ujenzi kinakupa shida, piga simu wiki mbili kabla uombe mkalimani, usimbebeshe mtoto wako wa darasa la nane kutafsiri "mteremko". Ukiitwa sema jina, anwani, unachoomba kwa futi, kisha ardhi yako ina nini. Dakika tano zinatosha. Jirani akipinga, usimjibu yeye, ongea na mwenyekiti, hata kama amesema kitu cha kuudhi, na wengine husema, kwa ule mtindo wa "watu wa aina hii". Acha maneno yake yaingie kwa rekodi yenyewe.

Na hesabu vichwa. Bodi ya watu watano, unahitaji kura nne. Bodi ya watatu, zote tatu. Sasa usiku mwingine mjumbe mmoja hayupo, wamekaa wanne, maana yake ukianza unahitaji wote wanne waseme ndiyo. Una haki ya kuomba isogezwe mpaka wakamilike, na wenyeviti wazuri hukuuliza wenyewe. Sogeza. Usione aibu.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia mpaka nikaona mtu akiumia nacho: ukikataliwa, kwa kawaida huwezi kurudi na ombi lile lile kwa miaka miwili, labda kuwe na mabadiliko ya maana kabisa. Kwa hivyo kama wajumbe wawili wameshaonyesha wazi hawataki, usingoje kura. Omba ruhusa ya kuondoa ombi, na useme kwa Kiingereza chao hivi hivi, "withdraw without prejudice". Ukisahau hayo maneno mawili ya mwisho utajuta. Wakikubali, unarudi nyumbani, unarekebisha mchoro, unaomba upya.

Walio majimbo mengine, masharti yenu ya kupewa veriansi ni tofauti. New York wanapima faida yako dhidi ya madhara kwa mtaa ukiomba kuvuka vipimo tu, lakini ukiomba kubadilisha matumizi ni kisiki. Minnesota tangu 2011 wanaangalia kama kufuata sheria kuna ugumu wa kiutendaji, afadhali kidogo kuliko huku. Houston wao hawana zoni kabisa, ila usifurahi, kuna masharti yaliyoandikwa kwenye hati ya nyumba yako na majirani wanaweza kukushtaki nayo. Popote ulipo tafuta maneno kamili ya sheria yenu na ujibu neno kwa neno.

Shemeji alipata kura nne kwa moja. Tukapiga makofi, mwenyekiti akatutazama, tukanyamaza. Uamuzi ukaandikwa ukapelekwa kwa karani wa mji, na kutoka siku hiyo kuna siku 20 ambazo jirani asiyeridhika anaweza kwenda mahakamani. Ukianza kuchimba ndani ya hizo siku unacheza na pesa zako. Zikiisha, karani anakupa cheti kwamba hakuna rufaa, unachukua cheti na uamuzi unaenda kuvisajili kwa ofisi ya hati za ardhi, wa Lowell ni Middlesex North, na bila kusajili veriansi haina nguvu. Hapo ndipo shemeji alilala. Ile karatasi ilikaa kwa droo ya jikoni pamoja na menyu za pizza na laini za zamani za Safaricom, yeye anajua ameshinda, mpaka kontrakta alipoenda kuchukua kibali cha ujenzi akaambiwa hawaoni usajili. Na saa inatembea, veriansi usipoitumia ndani ya mwaka mmoja inakufa, nyongeza unaweza kuomba ya miezi sita lakini omba kabla mwaka haujaisha. Yeye alikuwa amebakisha wiki tisa.

Mama alifika chumba kikiwa hakijapakwa rangi. Akakikagua, akafungua dirisha, akauangalia ule mwamba kwa muda mrefu, na kwao Tabaka mawe ni kazi ya kila siku, wanachonga na kuuza dunia nzima. Akamgeukia mwanawe akamuuliza, sasa hili jiwe, mmekosa hata mtu mmoja wa kulipasua?