SOMO: Michoro ya dirisha la vioo vya rangi la kanisa

“Michoro ya dirisha la vioo vya rangi inaandaliwaje?” Swali hili nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Naandika mara moja; atakayeuliza tena mleteni hapa.

1. Pima nafasi ya dirisha, pamoja na mfereji ambamo kioo kitazama. Tao lichukue kwa kadibodi, usilikisie.

2. Chora mchoro mdogo wa rangi, skeli 1:10. Mabishano na kamati yaishie hapa: Petro ana funguo, Katarina ana gurudumu.

3. Chora ukubwa halisi: nyuso, mikunjo ya kanzu, mistari ya risasi (vipande vya madini laini vinavyounganisha vioo), nondo (vyuma vinavyoshikilia dirisha). Nondo isipite usoni.

4. Mchoro wa kukatia. Hapa ndipo nilipoumbuka. Risasi ina umbo la H, na ule ukuta wake wa kati hukaa baina ya kioo na kioo. Wa kwangu ulikuwa milimita 1.75. Mimi nikachora kwa penseli iliyochongoka, nikakata juu ya mstari. Upana ulikuwa na risasi 14. Nilipofika ya mwisho, dirisha limezidi karibu sentimita mbili na nusu, na Mtakatifu Yosefu kagoma kuingia kwenye fremu. Siku mbili nasaga kioo kimoja kimoja! Sasa nachora kwa wino wenye unene wa ukuta huo, nakata pembeni mwa wino. ONYO: ukitoa kopi, ipime upya. Mashine huvuta karatasi.

MASWALI

– Mkuu, unene wa mstari uwe ngapi?
Namba 4. Soma polepole.

– Nimechora duara la nuru la kichwani mwa mtakatifu kama pete nzima, fundi kakataa. Ananionea?
Hakuonei. Kioo hakikubali kukatwa tundu katikati kwa kikatio cha mkono, kitapasuka. Igawe pete vipande vitatu au vinne.

– Kabla ya karatasi kubwa walichoraje?
Swali tamu hili. Mtawa Theophilus, karne ya 12, anaeleza: ubao unapakwa chaki, dirisha zima linachorwa juu yake, kila kipande kinaandikwa herufi ya rangi yake, kisha kioo kinakatwa kwa kufuata huo mchoro. Girona, Hispania, zipo mbao za namna hiyo za karne ya 14.

– Nyongeza: mimi hukoleza risasi kwa maka nyeusi, natundika mchoro ukutani na kurudi nyuma hatua kumi.
Safi. Na penye bluu nyingi nenepesha risasi kidogo, bluu humeza mistari.

– Naomba mchoro wako niutumie tu.
Dirisha lako lina vipimo vyangu?