Wataka kuwa skipa wa yoti? Anza na daftari kwanza

Kila mara kuna kijana ananiuliza mtu anaanzaje kazi ya skipa wa yoti, yaani nahodha wa zile boti za starehe, na wengi ni watu wa huku huku, Mtwapa, Likoni, Mji wa Kale, watu wamezaliwa wakaona maji, kusi na kaskazi wanazijua bila kuambiwa, sasa wanataka cheti tu waende zao. Ngoja kwanza. Bahari waijua sawa, lakini iko wapi karatasi inayosema waijua?

Kuna jamaa tulikua tukifanya naye kazi kwa boti za uvuvi wa watalii, miaka kumi na kitu yuko majini, kuingia Mtwapa usiku kwake ni kama kuingia chumbani kwao. Siku anajaza fomu ya mtihani anaulizwa umeenda maili ngapi, siku ngapi, usiku ngapi, lini ulikua wewe ndo skipa. Hana hata mstari mmoja. Ikabidi aanze kuhesabu upya kama mtoto wa juzi, na wallahi hakuna mtu pale angeweza kumfundisha kitu.

Kwa hivyo kanunue daftari leo, hata la shule. Cheti kinachoulizwa sana ni Yachtmaster cha RYA, hawa chama cha mashua cha Uingereza, na kwa ile ngazi ya Offshore wanataka siku 50 baharini, 5 kati yake wewe ukiwa skipa, maili 2,500, na safari 5 ndefu za zaidi ya maili 60 kila moja, mbili uwe umekesha njiani na mbili wewe ndo unaamua. Maili za bahari hizi, moja ni kilomita 1.852. Sasa Mombasa kwenda Kilifi hata ukienda mara mia haihesabiki kama safari ndefu, haifiki. Lamu inafika, Unguja pia (ila hapo ushavuka mpaka, pasipoti na forodha usisahau). Halafu nusu ya maili lazima ziwe kwa maji yanayojaa na kupwa, na hapo sisi tumebarikiwa, manake mwenzako wa Mediterania maji yake yamelala tu.

Kila safari andika siku hiyo hiyo, usingoje: tarehe, jina la chombo na urefu wake, kutoka wapi mpaka wapi, maili, saa za usiku, upepo, wewe ulikua nani humo ndani, na skipa aweke sahihi kabla hajashuka, akishashuka umempoteza.

Chombo utakipata wapi? Zungukia Mombasa Yacht Club, Mtwapa, Kilifi kule ndani ya mkono wa bahari, wenye yoti kila saa wanatafuta mtu wa kuwasaidia. Usijitambulishe kapteni. Sema naweza kufunga kamba, naweza kuosha, naweza kukwangua chini ya boti, nipeleke. Na ukifika fanya hivyo kweli, vua viatu kabla hujapanda, watu wameshakosa kazi kwa sababu ya soli nyeusi kwenye deki nyeupe.

Kitu kitakachokusumbua si tanga, ni hesabu. Wewe waangalia mwamba wasema maji bado, mtahini anataka namba. Tuseme ni bamvua, yale maji makubwa, na maji yatapanda mita 3 kwa saa sita. Gawa kumi na mbili: saa ya kwanza yapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25. Ukiona vile maji yanavyokimbia pale katikati utajua kwa nini wazee walikua wanangoja. Na maboya, huku ukiingia bandarini jekundu lakaa kushoto, Karibiani ni kinyume, kwa hivyo ukipata kazi kule usiende na mazoea.

Karatasi zingine haraka haraka: huduma ya kwanza, redio ya VHF ya kuongea baharini, hizo wahitaji kabla ya mtihani. Ili cheti kikuruhusu kulipwa ongeza kozi ya kujiokoa baharini, cheti cha daktari na ile kozi fupi ya mtandaoni ya majukumu ya kazi. Yoti kubwa zitakuuliza STCW, yale mafunzo ya usalama ya mabaharia wa kimataifa, kuzima moto, kuokoka na kadhalika, na hiyo huna haja ya kupanda ndege, Bandari Maritime Academy wako hapa hapa.

Msimu wa Mediterania ni kama Mei mpaka Septemba, kwa hivyo kwenye bandari za yoti kule, Antibes ya Ufaransa na Palma ya Uhispania, watu wanatafutwa mapema zaidi. Hapo ndo wakala atakupigia simu akwambie tuma pesa ushikiliwe nafasi. Mkataba wa MLC wa 2006, ule wa kimataifa wa kazi za mabaharia, unakataza baharia kulipishwa ili apate kazi, wewe juu yako ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari, visa hapana. Mwambie akuandikie risiti ya hiyo pesa ya nafasi, uone kama simu haitakatika.