Kichefuchefu kwenye bustani ya michezo: jinsi ya kuimaliza siku bila mtu kutapika

Kinachowaangusha wengi kwenye bustani ya michezo si kile chombo kirefu kinachowapigisha watu mayowe. Ni vile vikombe vya kuzunguka pale pembeni, vinavyoonekana vya kitoto. Rola kosta, ile treni ya kupanda na kushuka kwa kasi, huisha ndani ya dakika mbili tatu. Inatisha, lakini mara nyingi tumbo halipati muda wa kuchafuka. Kikombe kinazunguka, sahani inayokibeba nayo inazunguka, na mzazi aliye ndani kageuza shingo anampiga mtoto picha. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Ndani ya kila sikio kuna mirija mitatu ya nusu duara yenye majimaji, inayopima mzunguko wa kichwa, na vifuko viwili vinavyohisi kupanda, kushuka na kwenda mbele. Ubongo hulinganisha habari hizo na zile za macho na misuli. Zikipingana kwa muda, kichefuchefu huanza. Sikio ndilo kiini cha yote: mwaka 1882 mwanasaikolojia wa Marekani William James alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba viziwi wengi wakizungushwa hawapati kizunguzungu, na mtu ambaye viungo hivyo vimekufa masikio yote mawili hapati kichefuchefu cha mwendo hata baharini.

Kibaya kuliko vyote ni kuinamisha au kugeuza kichwa huku mwili unazunguka. Mirija iliyokuwa imetulia huamka ghafla, na ubongo hupokea habari kwamba mtu anapinduka kichwa chini miguu juu, ilhali amekaa wima. Mchezo wa Mission: SPACE kwenye bustani ya Disney ya Epcot, Florida, huzungusha abiria kwa mashine ya kasi, na ndiyo maana huambiwa watazame mbele, wasifumbe macho wala kugeuza kichwa. Tangu 2006 kuna pia aina ya mchezo huo isiyozunguka kabisa, na watu hujichagulia.

Walio hatarini zaidi ni watoto wa miaka 2 hadi 12, wenye kipandauso, na wanawake kuliko wanaume. Mjamzito asihesabiwe hapa. Michezo ya nguvu si yake. Mtu mzima aliyekaa miaka bila kupanda chochote naye asijidanganye kwa ushujaa wa utotoni, maana mazoea hupotea.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Tumbo tupu ni baya kama tumbo lililoshiba. Kuleni chakula chepesi, kisicho na mafuta mengi, saa moja au mbili kabla ya mchezo wa kwanza: mkate, biskuti kavu, wali kidogo. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu asubuhi, kwa sababu upungufu wa maji peke yake huleta kizunguzungu.

Dawa hutangulia, haifuati. Kichefuchefu kikishaanza, tumbo hupunguza kasi ya kusukuma vitu mbele, hivyo kidonge hukaa humo bila kufyonzwa au hutapikwa. Sinarizini humezwa saa mbili kabla: mg 30 kwa mtu mzima na mtoto aliyepita miaka 12, kisha mg 15 kila baada ya saa 8 ikihitajika, wa miaka 5 hadi 12 hupewa nusu ya hizo. Dimenhidrineti humezwa nusu saa hadi saa moja kabla: mg 50 hadi 100 kwa mtu mzima, mg 25 hadi 50 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, isizidi mg 150 kwa siku kwa mtoto huyo. Plasta ya skopolamini hubandikwa nyuma ya sikio angalau saa 4 kabla, na hufanya kazi hadi siku 3. Hiyo ni ya watu wazima tu, haimfai mwenye glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho), na baada ya kuibandika nawa mikono: ukijigusa jicho, mboni hupanuka na kuona kunakuwa kwa ukungu.

Chagua moja, usichanganye, na soma karatasi ya dawa au muulize mfamasia, hasa kama mtu anatumia dawa nyingine. Zote husinzisha. Anayewaendesha kurudi nyumbani asimeze. Akae kwenye michezo ya upole. Baadhi ya watoto hufanyiwa kinyume, badala ya kusinzia wanachachamaa, kwa hiyo jaribu dozi ya kwanza siku ya kawaida nyumbani. Dawa hizi pia zinaweza kupunguza jasho, na kwenye jua kali hilo si jambo la kupuuza. Setirizini na loratadini, zile dawa za mzio zisizosinzisha, msizibebe kwa kazi hii: haziingii vya kutosha kwenye ubongo. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu na haina usingizi; kwa mwenye dalili ndogo tu, tungeanzia hapo.

Mpangilio wa siku

Kichefuchefu hujilimbikiza. Mtoto akipanda michezo mitatu mfululizo akatapika wa tatu, usiulaumu wa tatu peke yake. Anzeni na michezo inayokwenda mbele na kushuka, huku tumbo likiwa shwari. Inayozunguka ipandwe mmoja mmoja, na kati yake wekeni dakika 20 hadi 30 za kutembea au kukaa kivulini. Usiwekwe wowote ndani ya saa moja baada ya chakula cha mchana, wala usiwe wa mwisho kabla ya kuingia garini.

Sinema za viti vinavyotikisika na miwani ya uhalisia pepe hudanganya watu, kwa kuwa zinaonekana kama mapumziko. Si mapumziko. Macho huona mwendo ambao mwili hauupati. Humo dawa ni kufumba macho mpaka hali itulie. Vua miwani, usisubiri filamu iishe.

Kwenye merikebu ya kuning'inia kaeni katikati, kwa sababu ncha ndizo zinazopanda juu zaidi. Kwenye rola kosta, kiti cha mbele humwonyesha mtu kona kabla haijafika. Nyuma kunatikisa zaidi. Egemeza kichwa kwenye kiti na tazama njia. Kwenye vikombe, acha lile gurudumu la katikati bila kulizungusha, au ukilizungusha, likazie macho lenyewe, maana haliondoki mbele yako. Usitazame watu wanaopita nje. Gurudumu kubwa la kutazamia mandhari halina shida kwa wengi. Anayelegea humo kwa kawaida anaogopa urefu, na dawa ya kichefuchefu haitamsaidia.

Chombo kikisimama, msinyanyuke hapohapo. Majimaji ya sikioni huendelea kusukuma kwa sekunde kadhaa, na mtu huhisi dunia inazunguka upande wa pili. Shikeni kitu, hesabuni hadi 20, ndipo mshuke.

Mtoto akinyamaza

Watoto wadogo hawasemi "nasikia kichefuchefu". Aliyekuwa akipiga kelele ananyamaza. Anapiga miayo, anameza mate mara kwa mara, midomo inapauka, na ukigusa paji la uso unakuta jasho la baridi. Mkiona mawili kati ya hayo, ondokeni kwenye foleni, hata kama mmesimama saa nzima na mdogo wake analia. Kurudisha hali kwa wakati huo huchukua kama robo saa. Akishatapika, mchana mzima umekwenda.

Mketishe kivulini penye upepo, kichwa kikiwa kimeegemea kitu, atazame jengo au mti ulio mbali. Asishikishwe simu. Mweke kitambaa cha maji baridi shingoni. Apumue polepole, avute hewa kwa hesabu ya nne na aitoe kwa hesabu ya sita. Mpelekeni mbali na harufu ya vyakula vya kukaanga.

Akitapika, ainame mbele. Msimpe kinywaji mara moja. Subirini dakika 10, kisha maji au ORS (maji ya chumvi na sukari) kijiko kimoja kidogo kila dakika chache. Kopo zima la soda baridi kwa mkupuo hurudi lilivyokwenda. Akikaa saa moja bila kutapika, biskuti kavu inatosha. Mkobani mnahitaji mifuko imara isiyo na tundu (kagueni kabla, maana yenye tundu ni hasara mara mbili), fulana ya kubadili, tishu zenye unyevu na maji.

Kichefuchefu cha mwendo hupungua mtu akitulia. Kisipopungua, fikirieni jambo jingine. Kichwa kinachouma, mwili wa moto na kulegea baada ya saa nyingi juani ni joto limezidi: mpozeni kwa maji na kivuli, na kama anachanganyikiwa, waiteni wahudumu wa huduma ya kwanza. Maumivu makali ya kichwa baada ya chombo chenye mitikisiko, kuzimia, kifua kuuma, kuongea kwa shida, ganzi au udhaifu wa upande mmoja, yote hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama mtu anasema amepata nafuu.

Safari ya kurudi nayo inahesabika. Tumbo lililochafuka mchana huchafuka upesi garini, kwa hiyo mwathirika akae mahali anapoiona barabara mbele kupitia kioo, dirisha lifunguliwe kidogo, na mfuko mmoja uwe mkononi mwake, si kwenye buti.