Somo: Kupooza paipu za alumini, kutoka mdomo wa presi hadi kwenye kikapu

Mfano wetu ni paipu ya aloi 6063 (alumini iliyochanganywa na magnesiamu na silikoni kidogo), kipenyo cha nje mm 50, ukuta mm 2, inayotoka kwenye presi (mashine inayosukuma alumini yenye moto ipite kwenye tundu lenye umbo) kwa mwendo wa mita 20 kwa dakika, na kulala kwenye meza ya mita 40. Kila mita ina uzito wa gramu 814 hivi, kwa hiyo paipu nzima haifiki kilo 33. Ni nyepesi kiasi cha kumsahaulisha mtu kwamba ina moto. Alumini haiwi nyekundu kama chuma. Ikiwa na nyuzi 500 inang'aa vilevile kama iliyolala dukani usiku kucha, kwa hiyo glavu za joto na mikono mirefu hazivuliwi mpaka paipu ifike kwenye mashine ya kunyooshea.

Kabla ya hatua zenyewe, shika hili: paipu hupoa upande mmoja tu. Bapa la mm 2 hupigwa na upepo juu na chini. Paipu ya mm 2 hupigwa nje peke yake, kwani ndani mna hewa iliyosimama ambayo imeshapata joto la paipu. Kwa hesabu ya kupoa, paipu ya mm 2 ni sawa na bapa la mm 4. Ukisoma jedwali la kupoozea lililoandikwa kwa ajili ya bapa, zidisha ukuta wako kwa mbili kwanza, ndipo utafute mstari wako. Paipu nyingi zinazotoka laini, chanzo chake ni kuisahau hesabu hiyo.

Hatua ya 1: Pima joto la kutokea

6063 itoke kwenye kalibu, yaani kifaa chenye tundu la umbo la paipu (wengi kiwandani huiita dai), ikiwa kati ya nyuzi 510 na 550. 6061, aloi nyingine ya aina hiyo, inataka kuanzia 530 hivi. Magnesiamu na silikoni lazima ziwe zimeyeyuka ndani ya alumini wakati huo. Ikitoka na 480, hazijayeyuka zote, na hakuna feni wala maji yatakayorudisha nguvu iliyokosekana. Tatizo hilo hutibiwa kwenye joto la bileti (gogo la alumini linaloingizwa kwenye presi) na mwendo wa presi. Joto likipanda mno, uso wa paipu huanza kuchanika ukipita mdomo wa kalibu.

Usiamini kipima joto cha mwanga cha kawaida. Alumini inayong'aa hutoa mwanga mdogo wa joto, na kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya chuma husoma pungufu sana. Tumia kile cha mawimbi mengi kilichotengenezwa kwa alumini, na mara moja kila zamu kilinganishe na kipimo cha kugusa chenye ncha mbili. Ncha zenyewe ziwe safi, maana oksaidi huzuia mguso.

Hatua ya 2: Kagua meza kabla ya bileti ya kwanza

Mita chache za mwanzo zinataka grafiti au felti inayostahimili zaidi ya nyuzi 500. Kinachofuata ni felti ya Kevlar, na kwenye meza ya kupoozea, ambako joto limeshashuka, felti ya poliesta inatosha na ni rahisi kwa bei. Usiibadilishe nafasi. Poliesta ikiwekwa karibu na presi huyeyuka na kugandia paipu, na alama yake haitoki kwa kusugua. Zungusha kila rola kwa mkono. Rola iliyokwama hukwaruza mstari mrefu chini ya paipu, na mstari huo utauona baada ya rangi, si kabla.

Hatua ya 3: Kichwa cha paipu kiwe wazi

Taya za mashine ya kuvuta hubana kichwa cha paipu na kukifanya bapa. Kikifungwa kabisa, hewa haiingii ndani wakati paipu inarefuka, na ukuta mwembamba ulio na moto hunywea kwa ndani kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa. Acha tundu. Ama bana nusu, ama kata kichwa kwa msumeno kabla ya kushika.

Nguvu ya kuvuta iwe ya kuongoza tu. Ukivuta sana, alumini laini inayotoka kwenye kalibu inarefuka, ukuta unapungua na kipenyo kinashuka. Ukivuta kidogo mno, paipu inajikunja mawimbi juu ya rola. Na usikimbilie kurekebisha kalibu kwa kipimo cha moto: paipu ya mm 50 ikiwa na nyuzi 520 ni kubwa kwa takriban mm 0.6 kuliko itakavyokuwa ikipoa.

Hatua ya 4: Upepo au maji

Eneo la hatari ni kati ya nyuzi 450 na 250. Alumini ikikaa humo muda mrefu, magnesiamu na silikoni hujikusanya kuwa chembe kubwa zisizo na faida, na kwenye tanuri la mwisho (Hatua ya 7), ambako paipu hukomazwa ipate nguvu, hakutabaki kitu cha kukomaza. 6063 inataka kupoa angalau nyuzi 1 kwa sekunde, na ni salama zaidi ikipata 2. 6061 inataka 5 hadi 10.

Paipu yetu kwenye hewa iliyotulia hupoa nyuzi 1 na kidogo kwa sekunde. Hapo uko ukingoni kabisa, na siku banda lina joto umeshavuka. Feni zenye nguvu zikipuliza juu na chini huipa 4 hadi 6, yaani kutoka 500 hadi 250 ndani ya dakika moja hivi. Kwa mwendo wa mita 20 kwa dakika, dakika hiyo ni mita 20 za meza. Ukiwa na feni kwenye mita 8 za mwanzo tu, paipu inatoka kwenye upepo ikiwa bado na nyuzi karibu 400, ndani kabisa ya eneo la hatari. Ama ongeza feni, ama hakikisha zilizopo zinaendelea kuipuliza paipu ikiwa imesimama.

Kasi ya kupoa hupungua kadiri ukuta unavyonenepa: ukuta wa mm 4 hupoa nusu ya kasi ya mm 2 kwa feni zilezile. Kwa 6063, feni nzuri hukubeba hadi ukuta wa mm 4 au 5. Zaidi ya hapo, au kwa 6061, ingia kwenye ukungu wa maji au maji ya kunyunyiza. Sanduku la maji la mita 2 hupitiwa kwa sekunde 6, na kwa ukuta mwembamba hizo zinatosha.

Maji yana masharti yake. Yazunguke paipu pande zote kwa usawa. Yakipiga juu tu, upande wa juu unasinyaa kwanza na paipu inainuka kama upinde, kisha upande wa chini unapopoa inarudi, na mara nyingi inabaki imeinama kuelekea upande uliochelewa. Pua iliyoziba chokaa huleta kosa hilohilo kwa udogo, kwa hiyo zisafishwe kwa ratiba, zisingojewe zizibe. Shinikizo nalo lisiwe dogo: juu ya alumini yenye moto mkali maji hafifu hujitandaza juu ya utando wa mvuke wake yenyewe, hayaugusi uso wenye moto, na upoaji unakuwa wa madoadoa.

Sasa la usalama, ambalo kwenye paipu ni zito kuliko kwenye bapa. Maji yakiingia ndani ya paipu kwa mdomo uliokatwa, yanachemka humo na kutoka upande wa pili kama mvuke wa bastola. Asisimame mtu mbele ya mdomo wa paipu inayopozwa kwa maji, hata kama uko mita 30 kutoka kwenye sanduku. Inua kichwa kidogo au kipe kifuniko chenye tundu dogo.

Hatua ya 5: Iache isinyae

Paipu ya mita 40 ikishuka kutoka nyuzi 520 hadi 40 inafupika karibu nusu mita. Kwa hiyo baada ya msumeno wa moto kukata, taya zifunguliwe na paipu iteleze kwa uhuru. Ikibanwa ncha zote mbili, itajinyoosha yenyewe vibaya au itavunja kitu. Mikanda ya kuhamishia ipande pamoja, kwani mmoja ukichelewa paipu inapata kona mahali pale. Acha nafasi ya kipenyo kimoja kati ya paipu na paipu. Zikigusana zinapashana joto na kuchubuana.

Hatua ya 6: Kunyoosha

Subiri ifike nyuzi 50 au chini. Kipimo cha mkono: uweze kuishika bila kuiachia. Ziba ncha kwa vigingi vya chuma au nailoni ngumu vinavyoingia ndani kwa kuteleza, urefu wake uzidi kidogo urefu wa taya, la sivyo taya zitaponda ncha na upondaji utatembea ndani.

Vuta asilimia 0.5, yaani sentimita 12 kwa paipu ya mita 24. Ikibaki na mkunjo, ongeza hadi 1. Kila asilimia 1 hupunguza kipenyo na ukuta kwa asilimia 0.5 hivi, kwa hiyo paipu ya mm 50 inapoteza mm 0.25. Ukizidi sana uso unakuwa kama ganda la chungwa. Nyoosha siku hiyohiyo, maana alumini inaendelea kujikaza yenyewe ikilala.

Hatua ya 7: Kukata, kikapu, tanuri

Kata sehemu zilizoshikwa na taya pamoja na alama ya presi kusimama. Puliza chenga za msumeno kutoka ndani. Panga kwa tabaka zenye vipande vya kutenganisha, vyote vikiwa mstari mmoja wima, ili uzito usizifanye paipu za chini ziwe mviringo wa yai. Tanuri: nyuzi 175 kwa saa 8, muda uhesabiwe tangu paipu zenyewe zifike joto hilo, si hewa ya tanuri.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Thika): Shikamoo mwalimu. Paipu zetu za 6063 zinasoma 9 hadi 10 kwa kipimo cha Webster (kifaa cha mkono cha kupima ugumu), lakini kila paipu ina kipande cha kama mita moja kinachosoma 5. Tanuri ni moja na kikapu ni kimoja. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Tanuri halichagui mita moja katikati ya paipu. Pima kipande hicho kiko umbali gani na alama ya kusimama. Karibu kila mara utakuta ni kile kilichokuwa kati ya kalibu na feni ya kwanza wakati presi imesimama kubadilisha bileti. Kilipoa polepole bila upepo. Sogeza feni au pua ya kwanza karibu na mdomo wa presi kadiri nafasi inavyoruhusu, fupisha muda wa kubadilisha bileti, na panga urefu wa bileti ili kipande hicho kiangukie kwenye taka pamoja na alama ya kusimama.

Swali (Sohar, Oman): Kiangazi hewa ya banda letu inafika nyuzi 45. Je, nipunguze mwendo wa presi ili 6063 ipoe vizuri?

Jibu: Hapana, usipunguze kwa sababu hiyo. Juu kule, kati ya 500 na 250, tofauti ya hewa ya 25 na ya 45 ni ndogo. Unapoteza asilimia 5 hivi ya kasi. Utakaposhikwa ni mwishoni. Kushuka kutoka 250 hadi 50 kwa hewa ya 45 huchukua takriban theluthi mbili zaidi ya muda wa hewa ya 25, kwa sababu tofauti ya joto inayosukuma kazi imekwisha. Ongeza feni chini ya meza ya kupoozea, zivute hewa ya nje kivulini au iliyopitishwa kwenye pazia lenye maji, zisivute hewa iliyo juu ya tanuri la bileti. Na mnyooshaji asiharakishwe: paipu iliyonyooshwa ikiwa na moto inapinda tena ikilala.

Swali: Baada ya anodaizi (kuupa uso ganda la oksaidi kwa umeme ndani ya asidi) tunaona madoa ya kijivu kwa chini, yamepangika kwa umbali sawa. Kabla yake hayaonekani. Ni asidi?

Jibu: Pima umbali kati ya doa na doa, kisha nenda kapime umbali kati ya bapa na bapa la grafiti kwenye meza. Ukilingana, asidi haina kosa. Grafiti hufyonza joto haraka. Presi ikisimama, pale paipu ilipolala juu ya grafiti panashuka ghafla hadi eneo la hatari huku pande zake zikiwa bado na moto, na panakaa humo. Chembe kubwa zinajengeka, na anodaizi inazionyesha. Weka felti badala ya grafiti pale paipu inaposimama, na feni zisizimwe wakati wa kubadilisha bileti.

Swali: Nina oda ya 6061, kipenyo mm 60, ukuta mm 3. Sina sanduku la maji, nina feni tu. Nikipunguza mwendo itakubali?

Jibu: Ukuta wa mm 3 kwa feni kali unapata nyuzi 3 hadi 4 kwa sekunde, nayo inataka 5 kwenda juu. Kupunguza mwendo hakuongezi kasi ya kupoa kwa kila kipande. Kunakipa tu muda mrefu zaidi chini ya feni zilezile, na tena kunashusha joto la kutokea, ambalo kwa 6061 halipaswi kushuka. Kipande kinaweza kufaulu ukikibonyeza kwa Webster na kisifikie nguvu ya kuvutwa ya MPa 260 inayodaiwa kwa T6 (hali ya aloi iliyopozwa haraka kisha kukomazwa tanurini). Funga pete mbili za pua za ukungu, pua sita kila pete, mara tu baada ya mdomo wa presi, feni zifuate nyuma. Ama mwombe mteja akubali 6063 T6 yenye MPa 205, akitaka.

Swali: Paipu zilizopozwa kwa maji zinatoka na madoa meupe ndani. Nje ni safi.

Jibu: Nje palikaushwa na joto la paipu yenyewe pamoja na feni. Ndani maji yalibaki, yakalala usiku kikapuni. Inamisha paipu kabla ya kuzipanga, puliza hewa kavu ndani, na usizifunike turubai zikiwa na unyevu. Kama yanatokea hata ukikausha, pima ugumu wa maji ya tangi. Yanayozunguka na kuvukiza kila siku hujilimbikizia chumvi, hivyo mwaga sehemu na uongeze maji mapya kwa ratiba.