Kuhamia Kisumu Kutoka Nakuru: Namna ya Kupata Nyumba, Kulinda Afya na Kuzoeana na Wenyeji

Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni safari ya chini ya kilomita 200, lakini anayeifunga hushuka takriban mita 700, na mteremko huo hubadilisha mambo mengi: ukali wa jua, mavazi, mbu, chakula, hata saa za kufanya kazi. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kuamua kuhamia kaunti hii ya ufuoni mwa Ziwa Victoria, awe mwalimu aliyepewa uhamisho, mfanyabiashara anayefungua duka la pili, au familia inayomfuata mzazi aliyepata ajira. Shauri langu kuu ni moja: panga nyumba kwanza, kaa hadi uone mvua za masika na za vuli, julikana na majirani, ndipo ufikirie kununua ardhi.

Nyumba na maji

Swali la kwanza kuhusu nyumba yoyote ya Kisumu ni la maji, nalo lina pande mbili: maji yanayokosekana bombani na maji yanayozidi mlangoni. Mitaa ya Milimani, Tom Mboya, Lolwe na Migosi ina nyumba za miaka mingi na barabara zinazopitika. Mamboleo na Nyamasaria zimejaa majengo mapya ya kupangisha. Nyalenda, Manyatta na Obunga zina vyumba vya bei nafuu na wakazi wengi. Na anayetaka upepo wa mlimani hupanda Riat au Kajulu, ambako hewa ni nafuu kidogo ila usafiri wa usiku huwa wa taabu. Nje ya jiji, uwanda wa Kano katika Nyando na sehemu za chini za Nyakach zina ardhi tambarare inayovutia macho wakati wa kiangazi, lakini Mto Nyando hufurika mvua zinapozidi, na mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, likazifukuza familia nyingi za ufuoni kutoka makwao.

Kwa hiyo nenda ukaione nyumba mara mbili, mara ya kwanza mchana wa jua kali na mara ya pili muda mfupi baada ya mvua. Fungua bomba la jikoni, si la uani peke yake, kwa sababu la uani mara nyingi huunganishwa moja kwa moja na bomba kuu la mtaa, ilhali la jikoni hutegemea tanki lililo juu ya jengo. Bomba la jikoni likikoroma bila kutoa maji, uliza pampu huwashwa saa ngapi na ni nani anayelipia stima yake. Kisha tazama sehemu ya chini ya ukuta wa nje: mstari wa rangi ya tope unaokwenda sawasawa kuizunguka nyumba, au rangi mpya iliyopakwa hadi usawa wa goti na kuishia hapo, ni dalili kwamba maji yamewahi kusimama mahali hapo. Ukimaliza kutazama, mwulize jirani wa upande wa pili wa ua, wala si dalali, kwa kuwa dalali hulipwa siku unayoingia nyumbani, na jirani ndiye atakayekaa nawe mvua itakaponyesha.

Tazama pia dari. Nyumba ya mabati isiyo na dari hukusanya joto kuanzia saa nne asubuhi na hulihifadhi hadi usiku, na mtoto mchanga aliyezoea baridi ya Nakuru atasumbuka humo. Hakikisha kwamba kila mpangaji ana mita yake ya stima ya tokeni, la sivyo ugomvi wa kugawana gharama utaanza mwezi wa kwanza. Usitume pesa za amana kabla ya kuusoma mkataba na kulinganisha jina lililo katika mkataba na jina linalotokea katika M-Pesa unapotuma. Hatua hiyo ndogo imewaokoa wapangaji wengi wasilipie nyumba ambayo mwenyewe hana habari.

Afya

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Kaunti zilizo kando ya ziwa ziko katika eneo ambalo malaria ipo mwaka mzima, tofauti na nyanda za juu za Nakuru ambako watu wengi hukaa miaka bila kuugua. Mtoto aliyelelewa Nakuru hajajenga kinga ile ambayo mwenzake wa Kisumu ameipata kidogo kidogo, na mtu mzima pia hana, hata kama anajiona na afya njema. Kabla hujashusha viti kutoka kwenye lori, toa vyandarua vilivyotiwa dawa, uvifunge juu ya kila kitanda, na uvichomeke chini ya godoro jioni kabla giza halijaingia. Homa ikitokea, mpeleke mgonjwa akapimwe siku hiyo hiyo; usinunue dawa za malaria kwa kukisia, wala usimpe mtoto dawa za kutuliza homa ukisubiri kupambazuke mara mbili. Mama mjamzito anapaswa kuwaeleza wahudumu wa kliniki kwamba amehamia kutoka nyanda za juu, ili apewe chandarua na dawa za kinga zinazotolewa kwa wajawazito wa eneo hili. Aliye na mtoto mdogo aulizie chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2019 katika kaunti za eneo la ziwa na magharibi, Kisumu ikiwamo, na aende na kijitabu cha kliniki cha mtoto.

Hatari ya pili ni kichocho. Watoto wa mgeni hupenda kuchezea maji ya ufuoni, hasa mahali penye majani na konokono, na ugonjwa huo huingia kupitia ngozi bila mtu kuhisi chochote. Wakataze kuoga na kuchota maji humo, na yeyote aliyekwisha kuingia apimwe. Tiba yake ipo na hufanya kazi vizuri ikiwahiwa.

Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, tangu Oktoba 2024, na ukamilishe usajili wa wote wanaokutegemea kabla ya kuhama. Hospitali kubwa ya rufaa katika eneo hili ni ile ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini ukimwambia mwendesha bodaboda jina hilo refu huenda akakujibu kwa jina ambalo wenyeji wengi hulitumia, Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Ni vyema kulijua jina hilo kabla ya usiku wa dharura.

Shule

Omba barua ya uhamisho katika shule ya zamani na uhakikishe kwamba rekodi za mwanao zimehamishwa katika mfumo wa wizara, maana bila hivyo shule mpya haitaweza kumsajili kwa mitihani. Jambo moja husahauliwa: katika madarasa ya chini, shule nyingi za mashambani, kwa mfano katika Seme au Nyakach, hufundisha kwa Kijaluo, ambacho ndicho lugha ya eneo hilo, na hivyo ndivyo sera ya elimu inavyoelekeza. Mtoto wa gredi ya kwanza anayejua Kiswahili pekee atahitaji miezi kadhaa ya kuvumiliwa. Shule za mjini hutumia Kiswahili na Kiingereza.

Soko na samaki

Soko kubwa ni Kibuye, na siku yake ni Jumapili, wakati nguo za mitumba, nafaka, vyombo na fanicha humwagika hadi kando ya barabara. Mchele wa Ahero hununuliwa vizuri zaidi ukifika Ahero kwenyewe. Viazi, kabichi na karoti ulizozizoea Nakuru utazipata, ila husafirishwa kutoka huko huko kwenu na bei yake hupanda njiani. Ni afadhali ujifunze kupika mboga za hapa, osuga (managu), dek (saga) na apoth (mrenda), ambazo akina mama sokoni watakueleza kwa furaha namna ya kuzichanganya na maziwa.

Samaki ndiye anayestahili somo. Si kila ngege, yaani tilapia, anayeuzwa Kisumu ametoka ziwani: wapo wanaofugwa katika vizimba majini, na wapo wanaoletwa wakiwa wamegandishwa kutoka China. Ukifika ufuo wa Dunga asubuhi, mwombe muuzaji akuinulie kifuniko cha shavu la samaki. Matamvua yawe mekundu na maangavu, jicho liwe limetuna na si la kuzama, na ukiubonyeza mgongo kwa kidole nyama irudi mahali pake mara moja. Mwachie mama anayeparua magamba kazi hiyo na umlipe bila kubishana, kwani ndiye atakayekuwekea samaki mzuri wiki ijayo. Mbuta, yaani sangara, huuzwa kwa kilo na hufaa kwa mchuzi. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huuzwa kwa kopo la kupimia, na bei yake hupanda kati ya Aprili na Julai, wakati uvuvi wake hufungwa ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo pesa hupungua mitaani kote ufuoni, na mwenye duka la rejareja anapaswa kulipanga hilo katika hesabu zake.

Kujulikana

Wiki ya kwanza, nenda kwa mzee wa mtaa na kwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi, mpango wa majirani wa kulinda usalama, ujitambulishe, ukiwa na kitambulisho na namba ya simu. Hakuna ada ya kufanya hivyo. Siku utakapohitaji barua ya chifu, au utakapoibiwa, utahudumiwa kama mtu wa hapa. Wasalimie pia majirani mlango kwa mlango, mmoja mmoja, na uzoee kusema oyawore asubuhi na oimore jioni. Kisumu inaongea Kiswahili bila shida, kwani ni mji wa reli uliokusanya watu wa kila namna tangu mwaka 1901, wakiwamo Wahindi, Waluhya, Wakisii na Wanubi wa Kibos, lakini mgeni anayeanza kwa salamu ya Kijaluo, hata akikosea, hupokewa kwa tabasamu lililo wazi. Wazee uwaite mzee na mama, usiwaite kwa majina yao.

Katika yote, hakuna kinachompa mgeni nafasi katika jamii ya hapa kama kufika matangani. Jirani akifiwa, mchango hukusanywa mara moja, mara nyingi kupitia kikundi cha simu, na watu hukaa na wafiwa jioni baada ya jioni. Toa ulicho nacho, hata kiwe kidogo, lakini zaidi ya hapo nenda ukaketi. Beba viti, pakua chai, osha vikombe. Watu huhesabu waliokuja, si waliotuma pesa tu, na mgeni aliyeonekana akishika sufuria katika msiba hatakuwa mgeni tena kwa wale waliomwona. Baada ya hapo ndipo mwaliko wa chama cha kuweka akiba, wa kwaya au wa kwenda kuitazama timu ya soka ya Gor Mahia utakapokujia wenyewe.

Kuhusu siasa, nasema kwa upole: ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliziumiza Nakuru na Kisumu kwa namna tofauti, na wapo watu wa pande zote mbili ambao bado wana majonzi. Sikiliza kwanza. Usifanye mizaha ya kikabila hata pale wenyeji wanapotaniana wenyewe kwa wenyewe.

Ardhi

Ukishauona mwaka mzima na bado moyo wako uko hapa, unaweza kutafuta ploti. Ardhi nyingi nje ya mji ni ya ukoo, na hati yake mara nyingi bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Mjukuu anayeikalia hawezi kukuuzia kihalali kabla ya urithi kukamilishwa mahakamani, hata akuonyeshe makaburi ya wazazi wake katika boma hilo. Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, soma jina la mwenye hati herufi kwa herufi, na uhakikishe kwamba mke au mume wake ameridhia kwa maandishi, hasa ikiwa familia inaishi hapo. Epuka kabisa kipande kinachogusa maji ya ziwa au ukingo wa mto, kwa kuwa sehemu hiyo inalindwa na sheria na wewe ndiye utakayebomolewa.

Kwa shamba la kilimo, ombi la kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi lazima liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ulipotiwa sahihi. Bila kibali hicho mauzo ni batili. Kaa na familia ya muuzaji mbele ya mzee wa kijiji, wakiwemo ndugu wanaoishi mbali ambao wanaweza kurudi wakapinga, kisha mwite mpimaji aonyeshe vigingi vya mipaka huku majirani wa pande zote nne wakishuhudia, kabla hujalipa sehemu ya mwisho ya pesa.