Somo: Mchungwa wa kubebesha usife mikononi mwako

Wadau, kila msimu napigiwa simu kutoka pande zote za Muheza: "Michungwa inakauka, nipulizie nini?" Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kupanda. Nimeandika hapa ili nisirudie tena.

1. Nunua mche wa kubebesha, jicho la mchungwa juu ya shina la mlimau.

2. Nafasi mita 7 kwa 7. Ekari inaingia miche kama 80.

3. Shimo sentimita 60 upana na kina. Udongo wa juu changanya na debe la samadi iliyooza, rudisha, acha wiki 2 au 3 ushuke.

4. Panda masika yakianza, na hapa tulieni. Mwaka 2013 sikusubiri udongo ushuke, tena nikafukia miche hadi juu ya kovu la kubebeshea (pale jicho lilipoungwa na shina), nikidhani upepo hautaitikisa. Mwaka wa tatu magome ya chini yakatoa gundi, majani yakawa njano, nikang'oa miti 31 kwa mikono yangu. Vimelea vya kuoza shina vinakaa udongoni. Gome la mchungwa likigusana na udongo mbichi, vinaingia. Kovu libaki juu ya ardhi angalau sentimita 15. Chana kiriba (mfuko wa mche) utoe. Usirundike samadi shinani, na jembe lisilijeruhi shina.

5. Chipukizi linalotoka chini ya kovu, ondoa. Ukiliacha utavuna malimau.

6. Katikati panda kunde au maharage. Muhogo unagombania chakula na miche.

MASWALI

— Mkuu, nimeshafukia kovu, miche 50, miezi miwili sasa. Dawa gani?
— Hakuna dawa. Fukua kwa mkono leo, kovu lionekane, maji yasituame. Hatua ya 4 uisome yote.

— Babu yangu alipanda mbegu na akala machungwa. Hii ni biashara ya miche tu.
— Siuzi miche. Wa mbegu unaweza kukuweka miaka 7 na zaidi. Wa kubebesha huanza wa tatu au wa nne.

— Shikamoo mzee. Miti yenye maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, naona matunda yake ni safi zaidi. Niwaue?
— Marahaba binti, umeangalia vizuri sana. Waache. Wanakula wadudu wengi, na nzi wa matunda huogopa kutaga wanapopita. Wachina waliwaweka kwenye michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Funga kamba kutoka mti hadi mti wavuke. Ila kagua vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, kwani maji moto huwalinda ili walambe utamu wanaoutoa. Siku ya kuvuna jipake majivu mikononi.

— Na yaliyoanguka yenye funza?
— Usiyaache chini hata siku moja. Yatie kwenye mfuko mweusi, funga kabisa, weka juani.

— Siku ngapi?
— Wiki mbili. Kisha mwaga kwenye shimo la mboji.